Pua ya Ukoo Wetu

Sogea kidogo unisikilize. Nitaeleza polepole, na penye ugumu nitarudia.

Kwetu, mtoto akitokwa damu puani bila kuanguka, tulicheka. Shangazi, dada wa baba, alimfuta kwa ncha ya kanga akatangaza, "Huyu wetu kabisa, hahitaji cheti!"

Bingwa alikuwa dada yangu. Aliuza vitenge Kariakoo, na damu ikimjia mbele ya mteja alibana pua kwa vidole viwili, akaendelea kuita kwa sauti ya mafua: "Njoo, mama! Hiki wifi yako akikiona atanuna wiki nzima!"

Kuna kipindi alianza kuhema akipanda ngazi za stoo. Akaenda zahanati. Akaulizwa kama kwao kuna ugonjwa wowote, akajibu hakuna.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, kitenge kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika. Kiharusi, naye hajafika arobaini, presha hana, sukari hana. Hospitali wakaniuliza swali lilelile. Nami nikajibu hakuna, kwa moyo safi.

Siku ya tatu pua yake ikatoka damu kitandani. Shangazi akamtuliza daktari: "Usihangaike, mwanangu. Hiyo pua ya ukoo, sote tunayo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sote?"

Akamulika ulimi wa dada, akaona vidoa vyekundu, akaagiza picha ya kifua.

Mapafu, alitueleza, huchuja damu kama kifumbu kinavyochuja tui. Mishipa yake myembamba hunasa vipande vidogo vya damu iliyoganda. Katika pafu la dada kulikuwa na mshipa mpana uliokwepa chujio hilo, na ndio uliokuwa ukimfanya aheme ngazini. Kipande kimoja kikapita humo, kikafika kwenye ubongo. Ni ugonjwa wa kurithi, na ndio huohuo unaotutoa damu puani.

Waliuziba mshipa ule. Wakanipima na mimi, wakakuta ninao, wakauziba kabla haujanidhuru.

Dada sasa anatembea, na anacheka sana. Maneno ndiyo hayakurudi. Nikipita mtaa aliokuwa akiuzia, kila duka lina spika inayorudia tangazo moja kutwa nzima. Nasimama katikati ya njia, wa mkokoteni ananifokea, "Mzee, sogea basi!" nami bado nasikilizia sauti moja iliyobanwa pua.

Kwa hiyo daktari akikuuliza magonjwa ya kwenu, mtajie na damu ya puani inayowatoka mara kwa mara, hata kama nyumbani mnaicheka.