Mbwa Aliyeitwa Mama

Mama yangu hakuwahi kuruhusu mbwa aingie nyumbani. Mbwa wetu wa utotoni, kule Iguhu, walikuwa wa kienyeji. Mchana walifungwa mnyororo nyuma ya jikoni, jioni walifunguliwa walinde boma, na aliyethubutu kuvuka kizingiti alipigwa kwa mwiko. Sisi watoto tulipigwa kwa mwiko huohuo. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipofika na mfuko wangu wa sukari na mafuta ya kupikia, nikamkuta mnyama mwekundu amejikunja juu ya kochi, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Mama, nilisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Ingia," Mama alisema. "Ingia polepole, usimshtue."

Hakuinuka kunipokea mfuko. Tangu Baba afariki nilikuwa nikienda pale kila Jumamosi, nafunga duka langu la ushonaji mjini mapema, na kila mara Mama alinipokea langoni. Siku hiyo mkono wake ulikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa ukipita juu ya shingo ya yule mnyama, unarudi, unapita tena.

Aliyemleta alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ambaye ni mwalimu wa ufundi wa magari kule Sigalagala. Mwenzake kazini alikuwa anahamia ng'ambo na hakuweza kuondoka na mbwa wake. Ndugu yangu akajitolea kumchukua, kisha akakumbuka kwamba nyumba aliyopanga hairuhusu wanyama. Ndipo akamleta kwa Mama.

"Anaitwa basenji," ndugu yangu aliniambia, akitafuna muwa pale barazani.

"Mshenzi?" Mama aliuliza kutoka ndani. "Nani mshenzi?"

Tulicheka sana. Ndugu yangu akaeleza kwamba ni mbwa wa asili ya misitu ya Kongo, kwamba watu wa kule huwinda naye, na kwamba habweki.

"Mbwa asiyebweka ni wa nini?" nikasema. "Mwizi akija atamsalimia?"

Mama akanitazama kama niliyemtukana mgeni. "Nimesikia makelele ya kutosha maisha yangu yote," akasema. Kisha akainama akamnong'oneza yule mbwa: "Si ndiyo, mama?"

Mama. Hapo ndipo wivu uliponishika. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto wa kike anayependwa huitwa mama. Nilisikia jirani zetu wakiitwa hivyo na mama zao wakati wa kusukwa nywele, wakati wa kupewa kiporo asubuhi. Mimi niliitwa kwa jina langu, na mara nyingi kwa sauti ya juu, kwa sababu kuni zilikuwa hazijaletwa au mtoto mdogo alikuwa analia. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto walio shule za bweni, na sikujua kwamba neno hilo bado nalitamani mpaka niliposikia amepewa mbwa.

Lazima niseme ukweli, alikuwa mzuri. Mwekundu kama udongo wa barabara baada ya mvua, miguu minne myeupe kana kwamba amevaa soksi, mkia umejikunja juu ya kiuno kama pete. Masikio yake yalisimama wima na paji la uso lilikuwa na makunyanzi, kwa hiyo alionekana daima ana jambo linalomsumbua. Alijilamba mwili mzima kama paka mpaka hakuwa na harufu yoyote. Mvua ya alasiri ikianza, na kwetu huanza karibu kila siku, alirudi ndani mbio na kukataa kutoka mpaka majani yakauke. Alipofurahi alitoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mnyama mwingine, kitu kati ya wimbo na kilio cha mtoto, inapanda na kushuka. Akina mama wa kanisani walikuja kumwona. Wengine walisema ni mbweha. Mama aliwakalisha, akawapa chai, akawaeleza habari za Kongo kana kwamba amewahi kufika huko.

Mimi nilikuwa nimemletea Mama godoro jipya. Nilimletea jiko la gesi, ambalo aliliwekea kitambaa cha kufuma akaweka redio juu yake. Kila zawadi yangu alishukuru vizuri, akaiweka mahali. Ndugu yangu alileta kitu ambacho yeye mwenyewe alishindwa kukiweka, na Mama akawa mtu mwingine kabisa. Nilimwonea wivu ndugu yangu. Nilimwonea wivu mbwa. Sikujua ni nani kati yao ninayemchukia zaidi.

Kisha likaja jambo la jogoo. Mama alikuwa amemfuga jogoo kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba siku hizi mjini tunakula kuku wa gredi tu na nimesahau ladha ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Nilipofika Jumamosi iliyofuata, jogoo alikuwa ameshakufa. Mbwa alimkimbiza kuzunguka migomba akamvunja shingo.

"Usimlaumu," Mama alisema kabla sijafungua mdomo. "Ni wa kuwinda, ni damu yake. Hata hivyo tungemchinja leo."

Nilikumbuka siku niliyoacha mwewe achukue vifaranga, nikiwa darasa la pili au la tatu. Siku ile hakuna aliyezungumzia damu yangu.

Tulimpika yule jogoo, tukasonga obusuma, ugali wa kwetu, tukaketi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Baba ndiye aliyekuwa akiila, na baada yake ndugu yangu. Wanawake hatukuigusa. Nimewapikia wanaume firigisi maisha yangu yote na sijui ladha yake. Mama akaichukua kwenye sufuria, akaipuliza ipoe, akaikatakata kwa vidole, akamlisha mbwa kipande kwa kipande.

"Mama," nikasema, "hiyo si firigisi?"

"Ndiyo. Anaipendanga sana."

Niliweka tonge langu chini. Nilisema nina haraka, kuna sare za shule sijamaliza kushona. Mama alinifungia mrenda kwenye bakuli nikaondoka nao, na njia nzima nilijiona mjinga, mwanamke mzima anayegombania chakula na mbwa moyoni.

Baada ya mavuno ya mahindi macho ya Mama yalianza kumsumbua. Alikuwa akimwaga chai pembeni ya kikombe. Daktari alisema ni mtoto wa jicho na akapanga upasuaji. Ulikwenda vizuri, tunamshukuru Mungu, lakini tuliambiwa Mama akae wiki chache mbali na vumbi, moshi wa kuni na manyoya ya wanyama. Nilikuwa nimeshatandika kitanda cha watoto, nimenunua na mapazia mazito. Nyumba yangu iko Shirere, katikati ya nyumba za wanafunzi, na nilifikiri hatimaye nitakaa na mama yangu bila mtu wa tatu.

Ndugu yangu akanipigia simu. "Dada, Mama atakuja kwangu. Mbwa atakuja kwako."

"Kwa nini isiwe kinyume?"

"Kwangu mbwa haruhusiwi, unajua. Na Mama mwenyewe amesema hivyo. Amesema wewe ndiye anayekuamini na huyu mnyama."

Basi, yeye akapata Mama, mimi nikapata mbwa.

Siku za mwanzo tulinuniana. Alikataa ugali, alikataa omena, alipanda juu ya dirisha na kuimba ule wimbo wake wa huzuni mpaka wanafunzi wakaja kuniuliza nimemficha mtoto wa nani. Alitafuna kipande cha kitambaa cha sare nilichokuwa nimeshakata. Nilimfungia uani, akapanda ukuta kama paka, nikamkuta kwa fundi baiskeli amekaa anatazama watu. Nilimwambia wazi, kwa sauti, kwamba mimi simpendi naye hanipendi, na kwamba sote wawili tunamsubiri mtu yuleyule.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, na makunyanzi yake yale kwenye paji la uso. Kisha akaja akajilaza juu ya miguu yangu, chini ya cherehani. Nilikuwa na soksi nyepesi na sakafu ni ya saruji. Joto lake lilipanda mpaka magotini. Sikumwondoa.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika bila mimi kuyapangia. Nikaanza kutoka naye asubuhi kabla ya kwenda dukani. Mwishowe nikawa naenda naye dukani, akilala kwenye kikapu cha vitambaa. Wanafunzi walinisimamisha njiani: "Mathe, hii ni mbwa gani?" Nami nikawaeleza habari za Kongo, kwa maneno ya Mama yaleyale. Mmoja alinionyesha kwenye simu mbwa wengine ambao huku hatuwajui: azawakhi wa jangwani, mwembamba kama fimbo, ambaye watu wa Saheli humlaza ndani ya hema zao, na mbwa wa Meksiko asiye na manyoya hata kidogo, ambaye wazee hujikanda naye viungo vikiuma kwa sababu ngozi yake ni moto. Nilimtazama huyo wa mwisho kwa muda mrefu. Niliwaza ni akina mama wangapi duniani wamelala na mbwa kifuani huku binti zao wameketi pembeni.

Nikashika tabia ya kuzungumza naye. Nilimweleza mambo ya Mama ambayo sijamweleza mtu. Yeye alijilamba tu miguu. Nikirudi kutoka sokoni alinisikia tangu mbali, na nikifungua mlango aliniimbia, ameweka miguu miwili tumboni mwangu, mkia unatikisika kiuno chote. Hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivyo kwa sababu tu nimeingia mlangoni. Siku moja, nikimkausha baada ya mvua kutukuta njiani, nilijisikia nikisema, "Tulia, mama, tulia." Niligeuka nikatazama kama kuna aliyenisikia.

Mama alipopata ruhusa, ndugu yangu alimleta kwangu kwa gari la kuazima. Mama alishuka akiwa na miwani myeusi. Nilikuwa nimesimama langoni nimeshika kamba. Mbwa alinusa hewa, akatetemeka, akaruka kwa nguvu mpaka kamba ikaniponyoka. Aliimba kama aliyechanganyikiwa. Mama alipiga magoti palepale kwenye changarawe, kwa umri wake, akamkumbatia.

"Umenikumbuka? Umenikumbuka, mama?"

Nami nikasimama mkono mtupu, na wivu ukanishika tena. Safari hii nilimwonea Mama.

Tulipokunywa chai, ndugu yangu akiwa ametoka kujaza gari mafuta, lilinitoka bila mpango. "Mimi hukuwahi kuniita mama."

Mama aliweka kikombe chini, sawasawa katikati ya kisahani. "Nini?"

"Mimi. Mbwa unamwita mama, unampa firigisi, unamshikashika siku nzima. Mimi sikumbuki ukinishika kichwa."

Nilitegemea akasirike. Alivua ile miwani akanitazama kwa macho yake mapya, na nikaona ananiona vizuri, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Kumbe umezeeka," akasema kwa mshangao. "Sikiliza. Nyinyi mlipokuwa wadogo, mkono huu ulikuwa na jembe na huu ulikuwa na mtungi. Nikirudi kuna moto wa kuwasha, kuna baba yenu, kuna mwingine mgongoni. Mkono mtupu sikuwa nao. Nimeupata juzi, na nyinyi mmekuwa watu wazima, mnakuja na mifuko mnaondoka. Ningekushika kichwa vipi? Si ungenishangaa?"

"Nisingekushangaa."

Alisogea kwenye kochi. Mkono wake ulikuwa mgumu kuliko nilivyofikiri, na ulinukia sabuni ya hospitali. Aliuweka juu ya kilemba changu, akaupitisha, akaurudisha, kwa namna ileile ya siku ile Iguhu. Mara mbwa akanyanyuka, akatutazama, akaja akaingiza pua yake baridi kati yetu, akausukuma mkono wa Mama ukatoka kichwani mwangu, akajipachika yeye.

"Ona huyu!" Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa uangalifu, kwa ncha ya leso. "Ana wivu kama wewe!"

Jioni waliondoka. Mbwa alikaa kiti cha nyuma na Mama, na nilipoinua mkono kuaga yeye alikuwa ameshageukia mbele. Nilifagia manyoya yake mekundu chini ya cherehani, sikuyamaliza.

Siku hizi Mama hunipigia simu katikati ya wiki, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Anaulizia watoto, anaulizia duka. Kisha anaweka simu kwenye sikio la mbwa na kuniambia niseme kitu. Nasema chochote, habari za mjini, bei ya uzi. Upande wa pili ule wimbo unaanza, unapanda na kushuka, na nasikia viti vinasukumwa na Mama anagomba.

Wiki iliyopita alirudi kwenye simu akiwa anahema.

"Ulimlisha nini huko Shirere?" akaniuliza. "Akisikia sauti yako anapasua nyumba. Mimi haniimbiingi hivyo siku hizi."

Sauti yake ilikuwa na kitu ninachokifahamu vizuri. Nilimwambia sikumlisha chochote. Nikakata simu, nikarudi kwenye cherehani, nikacheka peke yangu, na nilifurahi kuliko inavyofaa.