Wimbo Usioimbwa Bila Maiti

Saturia Palacios alikuwa na nyimbo tatu alizozipenda kuliko zote duniani, na ule wa tatu aliuogopa kama ukoma.

Wa kwanza ulikuwa wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ya ngoma na mitumbwi iliyopambwa. Ukianza huo, hata vikongwe husahau magoti yao mabovu. Wa pili ulikuwa wa redioni, wa mapenzi ya kijinga, aliokuwa akiuimba marehemu mumewe kila akirudi amelewa, akikosea maneno yale yale. Saturia alikuwa akimtukana huku anacheka. Mpaka leo akiusikia huyakosea maneno makusudi, ili yule mlevi arudi japo kidogo.

Wa tatu ulikuwa alabao, wimbo wa matanga, aliourithi kwa mama yake. Ndani yake maiti huaga nyumba: kwaheri mlango, kwaheri mafiga, kwaheri kitanda kilichonibeba nikiugua. Nyimbo nyingine za msibani zilimwambia mtu anyamaze, ajikaze, Mungu yupo. Huu ulimwambia lia, mwanangu, una haki. Siku ya kumzika mama yake Saturia aliuimba mpaka kifua kikafunguka, na tangu hapo kijijini kwao, ukingoni mwa mto Atrato, hakuna aliyezikwa bila sauti yake. Ila sharti la alabao lilijulikana hata na watoto: haiimbwi bila maiti. Ukiiimba hivi hivi unakiita kifo, na kifo kikishaitwa hakirudi mikono mitupu.

Sasa sikia balaa lililomkuta.

Binti yake Neyla, mwenye mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu alfajiri. Mkunga akampapasa tumbo, akakunja uso. Mtoto amekaa vibaya. Wakampakia kwenye boti la injini, yeye na mumewe na mkunga, wampeleke hospitali mjini Quibdó. Saturia naye akanyanyua gauni apande, mkunga akamzuia.

"Boti dogo, mama, na mto umejaa. Wewe baki utuombee."

Abaki! Mama gani huyo wa kubaki? Lakini alibaki.

Kukaa bure kungemtia wazimu, kwa hiyo alichukua mashuka ya Neyla akateremka mtoni kufua. Akawa anayapiga juu ya gogo, pa, pa, pa, macho yako kule boti lilikopotelea. Moyoni alikuwa na hofu tupu, na hofu hiyo ikajitafutia njia ya kutokea. Hakujua kama mdomo wake umefunguka.

"Saturia! Nani kafa?"

Alikuwa Betsabé, jirani yake, amesimama juu ya ukingo na ndoo kichwani, macho yamemtoka. Ndipo Saturia akalisikia neno lililokuwa bado ulimini mwake. Kitanda. Mlango alikwisha kuuaga, na mafiga pia.

Shuka likamponyoka, likaenda na maji. Hakulifuata. Akakaa mle mle majini.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Betsabé, nakuapia, hakuna aliyekufa! Sikujua kama naimba!"

"Yesu na Maria! Na mtoto wa watu yuko njiani na tumbo lake! Weye mwanamke, hujui mdomo huponza kichwa?"

"Niambie nifanye nini, shoga yangu."

"Mie nitajuaje? Mie mnanifukuza hata kwenye kiitikio!"

Na ni kweli walimfukuza. Betsabé alikuwa mwema sana, lakini sauti yake ilikwaruza kama bawaba yenye kutu, na kila msiba aliambiwa akakoroge kahawa.

Saturia akakumbuka maneno ya mama yake: alabao iliyoanzwa haikatwi katikati, na mwishoni lazima marehemu atajwe jina. Asipotajwa, kifo huchagua chenyewe. Akautazama mto. Akavuta pumzi.

"Unafanya nini?" Betsabé akauliza.

"Namalizia."

"Saturia, usithubutu! Saturia!"

Akaimba. Usidhani alikuwa shujaa, alikuwa anaogopa kufa kama mimi na wewe. Alikuwa na kuku anayeatamia na mjukuu ambaye hajamwona. Alipofika kwenye jina, akalitaja lake, la ubatizo na la ukoo, kifo kisije kikakosea nyumba: Saturia Palacios, binti wa Domitila. Betsabé aliziba masikio, analia kwa sauti.

Halafu wakaenda kukaa kwenye ngazi za kanisa, ndipo mahali pekee simu inaposhika mtandao. Betsabé ndiye aliyeibeba simu. Hawakula. Kila injini iliyonguruma mtoni ilimfanya Saturia asimame. Jua lilikuwa limeshainama simu ilipolia.

"Mama?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ya Neyla. "Mama, wamenipasua. Nipo. Ni wa kiume. Hebu msikie."

Kikasikika kilio, kikali, cha mtu mwenye hasira na dunia.

"Hanyamazi huyu," Neyla akasema. "Mwimbie, mama. Nimeshawatambia manesi kwamba bibi yake ndiye mwimbaji wa mto mzima. Mwimbie wowote."

Saturia akafungua mdomo. Akautafuta wimbo wa Mtakatifu Antonio, haupo. Akautafuta wa mumewe, hata yale maneno yaliyokosewa hayakuja. Uliokuwa umekaa pale ulimini, tayari, ulikuwa ule ule mmoja. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akamtazama Betsabé.

Betsabé akaelewa. Akakohoa, akauanza wimbo wa Mtakatifu Antonio, bila sauti nzuri wala mahadhi. Kule Quibdó mtoto akanyamaza ghafla, pengine kwa mshtuko.

"Nani huyo, Mungu wangu?" Neyla akacheka, mshono ukamuuma, akaguna. "Mama yuko wapi? Mbona haimbi?"

"Yupo hapa, mwanangu," Betsabé akasema. "Yupo. Furaha imemkaba."

Akaendelea kuimba. Saturia aliufuata mwendo wa wimbo kwa kutikisa kichwa, machozi yakimpita juu ya vidole, asithubutu kuviondoa mdomoni.