Koti la Kijani Katika Picha Isiyo na Rangi

Bora mlisikie kwangu, maana watu wa Etobicoke, huku Kanada, wakilisimulia huongeza chumvi, na hili halihitaji chumvi: nilimwaibisha mchumba wangu mbele ya mshenga wake, kwa kipaza sauti, siku ambayo sikujua hata kama ana mshenga.

Ilikuwa Jumamosi mchana, theluji nje, sisi tuko kwenye ukumbi wa chini ya ghorofa letu. Dada Tunu, anayetukusanya Watanzania, alipata filamu ya mapenzi ya zamani kabisa, zile zisizo na sauti, akataka mtu aisimulie kwa Kiswahili papo hapo kama wale jamaa wa mabanda ya video kule nyumbani. "Wewe msomi na mdomo unao," akaniambia, akanipa niitazame kwanza. Nikatazama nusu. (Mke mwenye ndoto za mapenzi, mume karani asiyechangamka, nani hajui itakavyoisha?)

Sasa mjue hali yangu. Elisha, mchumba wangu, amekulia huku, Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, na siku hizo alikuwa amebadilika. Kila Alhamisi haonekani, simu anailaza kifudifudi, nikiuliza, eti yuko kazini, na mwenzake wa kazini kaniambia Alhamisi Elisha hana zamu. Mimi hata mahubiri huyahoji, sembuse hilo?

Filamu ikaanza. Mke anaota anacheza dansi na bwana mwenye masharubu, anaamka, pembeni mume anakoroma. Watu wakacheka, nikapata moto. Kisha mume akaanza kutoroka kila jioni, na hapo nikaacha kusimulia filamu nikawa nasimulia maisha yangu.

"Mnamwona? Eti yuko kazini! Kazi gani ya Alhamisi? Na simu kaificha! Mwanaume wa koti la kijani huyu, msimwamini!"

"Mh!" mama mmoja akaguna. "Kijani kakiona wapi, na picha haina rangi?"

Vichwa vikageuka nyuma, alikokaa Elisha na koti lake la kijani. Ningenyamaza hapo ningepona, lakini mke alikuwa amemfuata mumewe hadi mlangoni, nami nikapaza sauti: "Sasa tunamkamata na hawara!"

Mlango ukafunguka. Mume alikuwa ameshikwa kiuno na mzee mwenye kitambi, mwalimu wa dansi, akijifunza hatua na kumkanyaga vidole, ili siku moja awe yule bwana wa ndoto za mkewe. Kipaza sauti kilirusha hata nilivyomeza mate.

Elisha akasimama, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akivuka "asante":

"Alhamisi mimi... ninaenda kwa Mzee Daudi. Ananifundisha kuongea. Kwa sababu ya baba yako mdogo."

(Baba mdogo ndiye aliyeapa hatampokea mkwe wa kuongea naye kwa mkalimani.)

Mzee wa safu ya mbele, niliyedhani kafuata sambusa, kumbe ndiye Mzee Daudi, na ndiye mshenga, akavaa kofia yake taratibu. Pembeni yake shangazi wa Elisha, wa Mississauga, alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti.

"Binti," mzee akasema, "tulikuja kukuangalia kimya kimya, kama ilivyo desturi. Tumekuona."

Wakaondoka, na Elisha nyuma yao.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ndefu. Nilienda Mississauga mwenyewe nikampigia shangazi magoti, akaniacha pale chini mpaka chai ikachemka. Posa ilikuja theluji ilipoyeyuka. Elisha akamwamkia baba mdogo kwa mdomo wake, jasho likimtiririka, bila kukosea hata neno, ndipo Mzee Daudi akakohoa kidogo:

"Tumekuja kumwomba binti yenu. Kipaza sauti kibaki kwenu."

Nimeapa sitasimulia tena picha nisiyoiona mpaka mwisho, wala mwanaume. (Ila ile simu ya kifudifudi? Anasema alikuwa akificha rekodi za mazoezi ya salamu. Nimemwomba nizisikie. Bado nangoja.)