Nilifunika mbao kwa tapi, muipwa wangu akaacha kucheza

Admin, ficha jina langu kabisa. Hapa Baraka banijua kuanzia pwani mupaka soko, na hii aibu sitaki inikute njiani.

Mi ni baba wa miaka makumi ine na munane, niko na bibi na batoto. Kazi yangu ni kupasua mbao na kutengeneza mashua. Masomo niliyaachia primaire, lakini Mungu alinipa mikono na kinywa. Muulize bavuvi: kuko siku upepo ulivunja mashua yangu katikati ya ziwa, nikarudi inchi kavu nimekalia ubao moja, kasia yangu ni sahani, na muntu mwingine nimemubeba ku mugongo. Mwenye anabisha akuje tushindane.

Mu nyumba yangu kunaishi binti ya dada yangu marehemu. Tumuite Neema. Ako na miaka kumi na sita, na hasikie hata kidogo tangu alipougua akiwa mudogo. Bengine mu familia banamuitaka kwa kumusukuma bega. Mi peke yangu njo nilijifunza kusema naye na mikono. Naisemaka vizuri kupita mwalimu wake wa masomo, na hapo sidanganye.

Ku masomo yake kuko kikundi cha danse chenye kinachanganya banafunzi bote: benye kusikia, basiosikia, na kijana moja wa kambi ya bakimbizi ya Lusenda mwenye anachezea juu ya velo yake ya mikono, kwa sababu miguu yake haitembei. Neema njo alikuwa anabaongoza. Mutauliza, asiyesikia anafuataka muziki namna gani? Mi njo nilibawekea sakafu ya mbao mu sale yao ya kuchezea, mbao za ile mashua yangu iliyovunjika. Baba ya ule kijana, Murundi, alituazima ngoma yake kubwa, banaiweka palepale juu ya mbao. Ikipigwa, mbao zinatetemeka, na batoto bako miguu tupu. Siku moja Neema aliniambia na mikono: «Mjomba, mi nasikiaka na kisigino.» Nililia kama mutoto, lakini nikasema ni moshi.

Basi, bazazi bakafanya mukutano juu ya kuita mwalimu mukubwa wa danse atoke Bukavu, afundishe kikundi siku moja. Nani alinyanyua mukono? Mi. «Ule? Ule ni kijana wangu! Tumekula naye sahani moja!» Na tulikula kweli, ku harusi moja Uvira, ila sahani yenyewe ilizungukwa na bantu kama makumi mbili. Nikamupigia simu, na angalia Mungu, akakubali! Bakanifanya prezida wa mapokezi. Kwa juma nzima nilitembea kifua mbele, hata bamama ba dagaa bananisalimia «Prezida».

Kwetu mugeni mukubwa hakanyagi mbao tupu. Nikaenda ku paroisse, nikaomba zile tapi, mazulia mazito yenye banatandikiaka askofu, nikatandika mbili mbili, ukuta kwa ukuta. Nikaleta sono ya muziki, baflè zake, zile spika kubwa, nikazitundika inje ku madirisha ili katiye nzima isikie. Ule baba wa Lusenda akaniuliza, «Muzee, na ngoma?» Nikamujibu, «Ngoma ipumzike, ndugu. Leo tuko na mugeni wa sono.» Bamama bakapiga vigelegele kwa kuona zile tapi.

Neema akaingia. Akakanyaga, akasimama. Akakanyaga tena. Akaniuliza na mikono: «Nani alisema bafunike?» Bantu bote bananiangalia, bananisifu. Mikono yangu ikajibu yenyewe: «Mugeni njo alitaka hivi.»

Muziki ukaanza. Neema akaanza kabla ya benzake. Benzake bakasimama, yeye bado anazunguka peke yake, macho yanatafuta miguu ya bengine. Bantu bakacheka. Velo ya ule kijana ikanasa mu tapi. Mwalimu hakukasirika, hapana. Alibakalisha basiosikia ku banc, akabaonyesha bapige makofi, akaendelea na bale bengine. Neema akapiga makofi mupaka mwisho. Makofi yake yalikuwa yanaanguka mahali pasipo na muziki.

Wakati wa kuagana mwalimu akanivuta pembeni. «Papa, nilitafuta njia ya kufikia bale batoto, sikuiona. Kama bako na namna yao ya kufanya, hakuna mwenye aliniambia.» Na mi, mwenye maneno hayajanipungukia hata mu mawimbi, nikasema, «Aah mwalimu, bale njo banaanza tu kujifunza.»

Tangu siku ile Neema hachezi. Kikwembe chake cha danse anapangusia masufuria. Kikundi kinamungoja, basiosikia benzake nabo bameacha kwenda. Juzi mwalimu ameniandikia: atapita tena akienda Fizi, anataka kubajaribu mara ya pili, ila nimuambie kwanza banajifunzaka namna gani. Nikimuambia juu ya mbao na ngoma, atakuja kufundisha vizuri. Lakini Neema anajua kuandika. Kitu cha kwanza atamuandikia mwalimu ni: sababu gani ulifunika mbao zetu? Na nikinyamaza, mwalimu atapita njia yake, na mutoto atabaki ku masufuria.

Jana nilikaa naye ku jiko, nikajaribu kumubembeleza. Akaweka sufuria chini, akasema na mikono, pole pole, kama muntu anafundisha mutoto:

«Nilifikiri muntu wa danse anajua miguu. Kumbe bote bako sawa. We peke yako, mjomba, haungefunika zile mbao.»

Akanishika mukono, akaubusu, akarudilia masufuria.

Bandugu, muko bengi humu, na muko na akili kunipita. Ule mutoto amebakiwa na muntu moja tu wa kuamini, na muntu mwenyewe njo mi. Nimuambie ukweli? Niambieni, nianzie wapi?