Kijiji cha Arlys na Nyumba Isiyowashwa

Arlys Tollefson alikuwa na roho mbaya ya kistaarabu, ile inayokumiminia kahawa huku inakuchoma. Katika mji wao mdogo wa Minnesota alisifika kwa mambo mawili: kazi za kanisa na kijiji chake cha Krismasi. Vijumba tisini na vinne vya kauri, vikubwa kama birika, vilipangwa chumba cha chini juu ya pamba iliyotandazwa badala ya theluji, kila kimoja na balbu yake ndani. Kulikuwa na kanisa, kinu, duka la mikate na kituo cha treni. Alivikusanya kwa miaka arobaini, na ole wako ukishika kimoja bila ruhusa.

Kila mtu wa ukoo alikuwa na nyumba yake, jina limeandikwa chini ya kitako. Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Shukrani, ile ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, wakishamaliza kula mabaki ya bata mzinga, wote walishuka kutazama taa zikiwashwa. Aliyemuudhi Arlys mwaka huo, nyumba yake haikuwaka. Hagombi, hasemi neno. Darrell, mwanawe wa kwanza, alikaa gizani mwaka mmoja kwa kusahau siku ya kuzaliwa ya mama yake. Corinne, mke wa Darrell, alikaa miaka miwili kwa kusema nyama ya mkwewe ni kavu. Waliomba radhi, wakawashiwa.

Lakini Janelle, binti wa pekee, alikaa gizani miaka kumi na moja!

Na alivyohangaika, jamani! Mtu mzima, mwalimu mkuu, watoto shuleni wanamwogopa. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Kila Ijumaa ile aliendesha gari mwendo wa saa nne kwenye barafu, amepakia sinia la keki za siagi ya karanga alizozipenda Arlys. Anashuka ngazi, anaitafuta nyumba yake yenye baraza la kijani, anaikuta giza tupu.

"Mama, nimekukosea nini?" aliuliza mwaka wa kwanza, analia palepale ngazini mbele ya watoto.

"Mwenyewe unajua," Arlys akamjibu.

Basi akaomba radhi kwa kila alichoweza kukumbuka, mpaka suti aliyomchagulia baba yake ya kuzikiwa. Taa haikuwaka.

Mwaka huu mambo yakamgeukia Arlys. Magoti yalikuwa yamekwisha, nyumba imeuzwa, na kwenye makao ya wazee angepewa dirisha moja la kutosha vijumba viwili. Kuhama hakukumuuma. Kilichomuuma ni kijiji kusambaratika. Akawauliza wanawe nani atakichukua kizima. Darrell akakuna kichwa.

Corinne akacheka waziwazi. "Mama, hata duka la mitumba la kanisa wamekataa. Wanavyo vya namna hii mpaka chooni!"

Akabaki Janelle, mwenye nyumba kubwa na asiyejua kusema hapana.

Ijumaa ilipofika, Arlys alimkalisha kiti cha mbele, akabonyeza swichi. Nyumba yenye baraza la kijani ikawaka. Watu wakapiga makofi. Janelle akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika.

"Haya, umeona," Arlys akasema. "Sasa utavichukua, si ndiyo? Vyote. Sitaki vitenganishwe."

"Nitavichukua, Mama. Nitavipanga hivihivi." Janelle akafuta machozi. "Niambie kitu kimoja tu. Nilikufanyia nini?"

Arlys angeweza kutunga uongo, kwa hilo alikuwa fundi. Lakini alikuwa na furaha mno, na furaha ilimlegeza ulimi. Akacheka.

"Hukufanya kitu, mwanangu! Balbu iliungua, na usiku ule maduka yalikuwa yameshafungwa. Ukaanza kulia mwenyewe."

Hakuna aliyecheka naye.

"Balbu," Janelle akasema. "Miaka kumi na moja?"

"La, mwaka ule wa kwanza tu. Halafu ukaanza kunipigia simu kila Jumapili, wewe ambaye ulikuwa unapitisha miezi bila kupiga." Akampigapiga goti kwa upendo. "Nikasema, kumbe dawa yake ndiyo hii!"

Janelle akapanda ngazi bila kumuaga mtu. Walimsikia juu akivaa koti.

"Janelle! Jumatatu uje na gari kubwa!" Arlys akaita. "Maboksi yake yote ninayo!"

Mlango ukafungwa.

Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Jumatano Darrell akaitoa meza kando ya barabara, akakipanga kijiji juu yake na kibao kilichoandikwa "Bure". Arlys akakaa dirishani na koti lake, akisubiri gari la makao ya wazee, akinyoosha shingo kila dereva alipopunguza mwendo. Mpaka saa tisa alikuwa amesimama mtu mmoja tu. Akamuuliza Darrell kama meza nayo ni bure.

Darrell akasema ndiyo. Yule bwana akavishusha vijumba chini kimoja kimoja, kwa adabu kabisa, akapakia meza akaenda zake.