Nilivyowazimia Wakwe Umeme Siku ya Posa

Nyie chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka nnajifunika shuka mpaka kichwani (na joto lote hili la Vuga), lakini ukweli ndio huo, siku ya kwenda kuposa Makunduchi niliaibika mbele ya nyumba nzima.

Yote yalianza kwa sifa. Mume wa dada yangu ana gari ya umeme, nikaiazima, akaniambia, "Ichaji usiku kucha." Mimi nikaona mbona ina nusu, inatosha, nikalala zangu. Asubuhi nikampakia Ami Suleiman, msemaji wetu wa posa, kiyoyozi nikakifungulia mpaka mwisho, na njia nzima nnamsomea: hainywi petroli, haibadilishwi oili, haitoi moshi, haina kelele.

"Kimya kweli," akasema Ami, anatetemeka kwa baridi. "Kama imekufa."

Tukafika Makunduchi betri inakaribia kufa kweli. Nikamwamkia Mzee Haji, babake Zuhura, binti nnayemposa, akaitikia marahaba, na kabla hata sijakaa (haya sina!) nikaomba pa kuchomeka waya. Akanionesha soketi ya ukumbini, pembeni ya friza, nikaupitisha waya dirishani mpaka kwenye gari. Ami akaanza kwa bismillahi, maneno matamu, taratibu, na mimi badala ya kunyamaza kama waposaji wengine nikadakia:

"Mzee, gari hii hainywi hata tone la mafuta!"

Pangaboi likapunguza mwendo, likasimama. Friza nayo kimya. Kutoka jikoni mama yake Zuhura akapiga kelele, "Umeme umekwisha! Si ulikuwa utufikishe Ijumaa?"

Mzee Haji akaufuata ule waya kwa macho, kutoka kwenye soketi hadi dirishani, hadi nje, kisha akanigeukia.

"Kumbe mafuta hainywi," akasema. "Inakunywa friza yangu."

Ami akakohoa. "Sasa Mzee, tulikuwa kwenye suala la binti..."

"Binti tutamzungumzia. Kwanza mwambie kijana achomoe."

Jikoni wanawake wakaangua kicheko, na cha Zuhura nilikitambua, ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Nikatoka na simu kwenda kuwanunulia umeme, jasho linanitiririka, naomba ardhi ipasuke.

Zuhura nilipewa, alhamdulillahi. Na gari za umeme bado nnazisifu, ila nachaji kwangu, mpaka ijae. Nikiwa Makunduchi, hata simu ikitaka kuzima, naiacha izime.