Siku Arobaini za Bibi Mwajuma

Harufu ya ugoro hunirudisha Kidete. Hapa Mikumi ninapoishi tangu nistaafu ualimu, yuko mama mmoja muuza mboga ambaye hufungua kikopo chake kila akimaliza kufunga mchicha. Akikifungua tu, namwona Bibi Mwajuma, mama yake baba yangu, ameketi mkekani, fundo la khanga limetuna kiunoni. Katika fundo lile aliweka ugoro wake, na kila kitu alichokiona cha thamani. Barua ninayotaka kuwasimulia ilikaa humo hadi ikanuka ugoro karatasi nzima.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Asubuhi watu walikwenda shamba la kijiji, jioni wazee walikwenda kwenye kisomo. Bibi naye alijiandikisha. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na mwenye kelele, ila ubao alikuwa hauoni. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika zamani. La kulia nalo lilianza kuingia ukungu, na akawa anamsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni jirani mwenyewe. Tulicheka naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Baba, aliyekuwa kibarua kwenye genge la reli, alimpeleka hospitali ya misheni. Wakaambiwa kwamba daktari wa macho hakai pale, huja mara mojamoja kutoka mbali, na kwamba siku yake ikikaribia wataandikiwa barua.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa nakipenda Kiingereza kuliko chakula. Mwalimu wetu alikuwa anatufundisha maneno ya wakati, nasi tulishangaa sana. Sisi tuna juzi, neno dogo kama punje. Wao walihitaji maneno manne: the day before yesterday. Sisi tuna mtondo na mtondogoo, siku zinazofuata kesho kutwa, wao hawana. Saa mbili ya asubuhi wao waliita saa nane. Nilirudi nyumbani nikiyaimba hayo huku nikichota maji mto Mkondoa, na Baba alinisikiliza bila furaha.

Alikuwa na sababu. Kuna mtu wa Kilangali alikuwa ameanza kuulizia habari zangu, akitaka kunioza kwa mwanawe, na Baba alikuwa hajamkatalia. "Kiingereza cha nini kwa mtoto wa kike?" alimwambia Bibi mbele yangu. "Siku nitakayoona hiyo shule yake haitufai kitu humu ndani, basi imekwisha."

Bibi alimjibu, "Mwache amalize la saba. Mtoto hali chakula chako kingi hivyo."

Barua ililetwa na karani wa stesheni. Aliyeiandika alikuwa mgeni, inaelekea Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, maana ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Baba alinikabidhi. Mama akaacha kupepeta, majirani wawili wakasogea. Sijawahi tena kusikilizwa namna ile maishani mwangu.

Niliisoma kwa sauti, kisha nikaanza kufasiri. Mgonjwa aletwe. Daktari wa macho atakuwepo. Lini? Hapo palikuwa na neno ambalo mwalimu alikuwa hajatufundisha: in a fortnight. Nililitazama. Night nililijua, ni usiku. Na forty nililijua pia. Nikaamua mwandishi alikuwa na haraka, akaimeza herufi ya mwisho ya forty.

"Aende baada ya siku arobaini," nikasema.

"Una hakika, Zuhura?" Baba aliuliza.

Ningeweza kusema kesho nitamuuliza mwalimu. Bibi mwenyewe alipenda kusema kuuliza si ujinga. Lakini majirani walikuwa wananitazama.

"Nina hakika, Baba."

Hakuna aliyeshangaa. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na msiba huhitimishwa siku ya arobaini. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata Wazungu wanaijua arobaini," akasema. Akahesabu punje arobaini za mahindi, akazitia kwenye kibuyu, na kila asubuhi akamtupia kuku mmoja punje moja. Siku zilipokuwa zikipita, ukungu ulizidi. Ilipobaki kama punje kumi, alianza kunishika bega tukienda mtoni.

Kibuyu kilipokwisha, Baba aliomba ruhusa kazini, wakapanda treni hadi Kilosa na kutoka hapo wakapanda lori. Walirudi siku ya pili. Niliwakimbilia stesheni. Jicho la Bibi halikuwa na bandeji, na Baba alikuwa ametangulia mbele yake hatua nyingi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Amekataa," Baba alimwambia Mama tulipofika nyumbani. "Nimemngojea nje ya chumba cha wanawake, ametoka ananiambia turudi nyumbani, hataki kisu machoni. Mtu mzima!"

Bibi alikuwa anatafuta ukuta kwa mkono. "Niliogopa," akasema. "Ndiyo hivyo."

Mwaka uliofuata daktari alipokuja tena, Bibi alipelekwa, akaambiwa presha ya jicho imekwisha kuua mshipa. Kuanzia hapo hakuona hata mwanga wa jua. Baba alimhudumia kama inavyompasa mtoto, lakini kila Bibi alipojikwaa alimkumbusha: "Ulikataa mwenyewe, Mama." Yeye aliendelea kupapasa njia. Nami, Mungu anisamehe, nilimwonea aibu. Nilimwona mwoga.

Nilimaliza la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari Morogoro. Siku moja, kidato cha pili, mwalimu aliandika ubaoni orodha ya maneno ya wakati, na moja likawa lile. Akaeleza kwamba ni usiku kumi na nne, yaani wiki mbili. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoa kumi na nne kwenye arobaini, ikabaki ishirini na sita.

Likizo ilipofika nilimkuta Bibi anapukuchua kunde kwa kupapasa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti imekauka?"

"Bibi, ile barua haikusema siku arobaini."

Vidole vyake havikusita. "Ilisema wiki mbili. Nesi aliniambia kule ndani. Daktari alikuwa ameshaondoka."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Baba yako alikuwa anatafuta neno moja tu akutoe shule. Nimpe mimi?" Akapepeta maganda. "Nawe usimwambie. Ameshanizoea hivi."

Nililia mapajani mwake, naye aliniacha nilie, kisha akaniambia nikaangalie sufuria, maharage yanaungua.

Nilimtii hadi tulipomzika. Baada ya hitma, nilimweleza Baba yote. Alikuwa mzee tayari, amestaafu reli. Aliweka mikono magotini.

"Kumbe nilimsema bure," akasema. Akarudia, polepole, kana kwamba anajifunza kulisoma: "Miaka yote ile, nilimsema bure."

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na neno lile sikuwahi kulipita haraka. Utotoni nilijua tu kwamba Bibi alipoteza jicho. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, alilolibeba bila kulalamika. Alikuwa mwanamke asiyeogopa kitu, akakubali mwanawe wa kumzaa amwite mwoga hadi anaingia kaburini.